Rubani Anaposema Ameuona Uwanja: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Usafiri wa Anga

Mheshimiwa Waziri wa Uchukuzi,
Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania,
Ndugu Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania,

YAH: NDEGE KUJIPANGA NA NJIA ISIYO YENYEWE ZINAPOTUA KWA KUTAZAMA

Nawaandikia kutoka Mbeya, nikiwa mpima ardhi mstaafu ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini nilipima mashamba, barabara na mipaka ya vijiji kuanzia Mufindi hadi Mbozi, na ambaye sehemu ya kazi hiyo niliifanya nikiwa ndani ya ndege ndogo. Jambo ninalowaletea ni moja. Rubani anapokaribia uwanja kwa kutazama, yaani anapoacha kuongozwa na vyombo na kujielekeza kwa kile anachokiona mbele ya kioo, anaweza kujipanga sawasawa kabisa na njia ya kurukia na kutua ambayo siyo, akiwa na leseni halali na akili timamu, hata katika hali nzuri ya hewa, na asilitambue kosa lake mpaka ardhi iwe imekwisha kumkaribia. Naomba viwanja vya Nyanda za Juu Kusini visimamiwe na watu wanaolijua hilo na waliojiandaa kwa ajili yake.

Mwezi Agosti mwaka 1994 nilipanda ndege ya injini moja iliyokodiwa na kampuni ya chai ili inipeleke Mufindi kupima mpaka wa shamba. Rubani alikuwa kijana makini, mwenye adabu, ambaye hakuwa amewahi kufika huko, nami nilikaa kiti cha kulia kando yake kwa kuwa tulikuwa wawili tu pamoja na vyombo vyangu vya upimaji. Alikuwa ameandikiwa kwenye karatasi kwamba kiwanja ni cha nyasi, kimelala mashariki kwenda magharibi, upande mmoja kina chai na upande wa pili kina mikaratusi. Agosti ni mwezi wa ukavu, na siku ile moshi wa mashamba yaliyochomwa ulikuwa umetanda mabondeni. Tulipovuka ukingo wa mlima akaninyooshea kidole mbele: mstari mpana, mnyoofu, wa rangi ya nyasi kavu, umelala mashariki kwenda magharibi, una miti mirefu upande huu na kijani kibichi upande ule. "Kile pale, bwana mpima," akaniambia. Akapunguza nguvu ya injini, tukaanza kuteremka.

Nami nilikiona. Naomba mlizingatie neno hilo, kwa sababu eneo lile nilikuwa nimelipima kwa miguu yangu miaka miwili kabla, na bado kwa muda wa dakika nzima nilikiona kiwanja mahali ambapo hapakuwa na kiwanja. Aliyenizindua ni mwanamke mmoja aliyekuwa akitembea katikati ya ule mstari na mzigo wa kuni kichwani. Aliposikia mlio wetu aliutua mzigo chini, akageuka kututazama bila kukimbia, kama mtu ambaye hajawahi kuona ndege ikija kwa upande ule. Nyuma yake nikaona rundo la magogo na trekta yenye tela. Ule mstari ulikuwa njia ya kuzuia moto katika msitu wa misonobari, na mimi ndiye niliyeichora kwenye ramani. Nikapiga kelele kwamba hapo si kiwanjani. Namshukuru yule kijana hadi leo kwamba hakuniuliza mara mbili: alisukuma mkono wa injini mbele, akainua pua ya ndege, tukavipita vilele vya miti kwa kimo kidogo mno.

Tulipotua kwenye kiwanja chenyewe, kilomita chache mbele, alizima injini akakaa kimya, mikono juu ya magoti. Kisha akasema, "Lakini nilikiona kabisa." Ndipo nilipoitazama dira ya ndege. Kiwanja tulichokuwa tumetua kilielekea digrii zipatazo 110. Ile njia ya moto, ambayo vipimo vyake nilikuwa navyo ndani ya mkoba, ilielekea digrii 80 na kidogo. Tofauti ya karibu digrii thelathini ilikuwa imeandikwa mbele yetu sote wawili muda wote wa kuteremka, na hakuna aliyeisoma, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa amekwisha kuona.

Tangu siku ile nimefuatilia matukio ya namna hii, na kila ninaposoma taarifa zake nalikuta neno la yule kijana. Rubani hakubahatisha, aliona. Akili iliyoambiwa itafute kitu cha umbo fulani hukipokea kitu cha kwanza chenye umbo hilo, na baada ya hapo kila dalili huisoma kama uthibitisho, na ile inayopingana huiwekea sababu ya kuipuuza. Uchovu huzidisha hali hiyo, na haraka nayo huizidisha, lakini mzizi wake ni namna macho ya binadamu yeyote yanavyofanya kazi. Kwa sababu hiyo sioni faida ya kuwahimiza marubani wawe waangalifu zaidi, kwa maana walikuwa waangalifu. Kinachotakiwa ni shahidi wa pili, chombo au mtu asiyetegemea macho yaleyale, ambaye ushahidi wake unaulizwa kila mara kabla ndege haijafika chini, hata pale rubani anapokuwa na hakika.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ulitokea hapa hapa nchini. Tarehe 18 Desemba 2013, mchana kweupe, ndege aina ya Boeing 767 ya Shirika la Ndege la Ethiopia iliyotoka Addis Ababa kwenda Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro ilitua katika Uwanja wa Arusha. Njia ya Kilimanjaro ina urefu wa mita zipatazo 3,600. Ya Arusha wakati ule haikuzidi sana mita 1,600. Ndege ile kubwa ilisimama ikiwa imeishia kwenye nyasi za mwisho wa njia, na kwa rehema za Mungu hakuna aliyeumia. Viwanja hivyo viwili vimeachana kwa kilomita zipatazo 50, na mtu aliyeko ardhini anaweza kushangaa ni vipi rubani mzoefu wa shirika lenye sifa kubwa barani Afrika anavichanganya. Mimi mpima sikushangaa. Nambari inayoandikwa kwenye ncha ya njia ya kurukia ndege ni mwelekeo wake wa dira uliokadiriwa hadi kumi iliyo karibu zaidi kisha ukakatwa tarakimu ya mwisho, na viwanja hivyo viwili vyote vina 09 upande mmoja na 27 upande mwingine. Rubani akitazama dira yake inamwambia yuko sawa, na akitazama nambari nyeupe chini nazo zinamwambia yuko sawa. Dira inajua unaelekea wapi, haijui uko wapi. Shahidi aliyehitajika siku ile ni yule anayejua mahali: umbali uliobaki kufika uwanja uliokusudiwa, ambao vyombo vya ndege vinaweza kuuonyesha, na ambao ulikuwa bado ni makumi ya kilomita.

Ng'ambo ya mpaka wetu wa Tunduma nako kulitokea jambo ambalo lilipaswa kuwakosesha usingizi watu wa huku kusini. Tarehe 4 Aprili 2021 ndege ya mizigo aina ya Boeing 737 ilikuwa ikienda Ndola, katika mkoa wa Copperbelt nchini Zambia, ikatua katika uwanja mpya uliokuwa bado unajengwa, kilomita zipatazo 15 kutoka uwanja uliokuwa ukitumika. Siku hiyohiyo ndege nyingine ya shirika hilohilo, ambalo nalo ni lile la Ethiopia, nayo ilikaribia kutua mahali hapohapo kabla ya kughairi na kupaa tena. Marubani wa ndege mbili tofauti, kila mmoja na jozi yake ya macho, walivutwa na njia ileile: mpya, pana, nyeusi, iliyochorwa vizuri, na kwa mtu aliye angani yenye kufanana na uwanja wa kimataifa kuliko ule wenyewe wa zamani. Kosa likirudiwa na marubani wa ndege mbili kwa siku moja, sababu yake haiko ndani ya watu hao. Iko pale chini, katika kile walichowekewa mbele ya macho, na katika kile ambacho hawakuambiwa.

Marekani, penye viwanja vingi vya ndege kuliko nchi nyingine yoyote, orodha ni ndefu. Januari 2014 ndege ya abiria iliyokuwa ikienda Branson, Missouri, ilitua usiku katika kiwanja kidogo cha jirani ambacho njia yake ni nusu tu ya ile iliyotarajiwa. Julai 2016 nyingine iliyokuwa ikienda Rapid City ilitua katika kambi ya jeshi la anga iliyo jirani. Pote pawili njia zilielekea karibu upande mmoja, na pote pawili marubani waliripoti kwamba wameuona uwanja. Lakini tukio ninaloomba mlisome kwa makini, ukurasa kwa ukurasa, ni la San Francisco, kwa sababu uchunguzi wake ulikwenda mbali na kwa sababu lingekuwa janga kubwa kupita kiasi.

Usiku wa tarehe 7 Julai 2017 ndege aina ya Airbus A320 ya Air Canada, yenye watu 140, ilikuwa ikitua kwa kutazama katika njia ya 28 kulia. Njia ya 28 kushoto ilikuwa imefungwa kwa matengenezo na taa zake zimezimwa. Marubani walitarajia kuona njia mbili zenye taa, na walipotazama waliona mistari miwili yenye taa: mmoja ulikuwa njia yao halisi, na wa pili ulikuwa barabara ya kiungio, yaani ile ambayo ndege hupitia ardhini kuifikia njia ya kurukia, iliyo kulia kwake, ambako ndege nne zilizojaa abiria na mafuta zilikuwa kwenye foleni zikisubiri kuruka. Kwa kuwa walitarajia njia yao iwe ile ya kulia, wakaichukua ya kulia. Rubani aliona taa zisizomkaa vizuri akamuuliza mwongoza ndege mnarani kama kuna kitu njiani, na mwongoza ndege, ambaye alikuwa akiifikiria njia halisi, akamjibu kwa ukweli kwamba njia iko wazi. Angalieni jinsi swali sahihi na jibu la kweli vilivyoshindwa kukutana, kwa kuwa kila mmoja alikuwa akizungumzia mahali pengine. Sauti iliyosema wazi kwamba ndege ile iko juu ya barabara ya kiungio ilitoka kwa rubani mmoja wa zile zilizokuwa kwenye foleni. Airbus ilikwisha kushuka hadi kimo cha futi 60 hivi, yaani mita 18, na iliipita moja ya ndege zile ikiwa imebakiza mita chache tu juu yake, kabla ya kupaa tena.

Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ilipotoa taarifa yake mwaka 2018 ilionyesha mambo ambayo kila moja lina mfano wake huku kwetu. Kapteni alikuwa macho kwa zaidi ya saa 19. Hatua ya kuingiza masafa ya redio inayoonyesha katikati ya njia halisi, ambayo ingewaonyesha mara moja kwamba wamekwenda kando, ilirukwa wakati wa maandalizi, na kapteni hakuihakiki. Habari ya kufungwa kwa njia ya kushoto ilikuwemo katika makabrasha waliyopewa, lakini ilikuwa ukurasa wa 8 katika kurasa 27, katikati ya matangazo mengine mengi yasiyo na uzito wa kufanana nayo. Na mazungumzo ya ndani ya chumba cha marubani hayakupatikana kamwe, kwa kuwa ndege iliruka tena kabla wahusika hawajalielewa tukio, na kinasa sauti kikajifuta chenyewe. Baada ya hapo mamlaka ya huko ilizuia utuaji wa kutazama San Francisco nyakati za usiku pale njia ya jirani inapokuwa imefungwa. Hawakungoja mtu afe.

Mji wa Mexico ulikuwa umekwisha kulipa gharama hiyo mapema zaidi. Tarehe 31 Oktoba 1979 ndege aina ya DC-10, ikiteremka kwenye ukungu, iligusa njia iliyofungwa kwa matengenezo badala ya ile ya pembeni yake, ikagonga lori lililokuwa njiani. Watu 73 walikufa.

Sasa naomba mje nami Songwe. Uwanja ule ulipofunguliwa mwishoni mwa mwaka 2012, ukiwa na njia yenye urefu wa zaidi ya mita 3,300, ulichukua nafasi ya kiwanja cha zamani kilichoko mjini Mbeya, ambacho njia yake haifikii nusu ya urefu huo. Viwili hivi vimeachana kwa kilomita zipatazo 20, kimoja mashariki na kingine magharibi, karibu katika mstari mmoja, kiasi kwamba ndege itokayo Dar es Salaam hukutana na mji na kiwanja chake cha zamani kabla ya kufika Songwe. Naujua ubishi utakaoletwa: njia hizo hazielekei upande mmoja, ile ya mjini imepinda kusini-mashariki na ya Songwe imenyooka mashariki-magharibi. Ni kweli. Nami nimekwisha kuwaeleza habari ya digrii thelathini za Mufindi ambazo hatukuzisoma. Aidha, kiwanja cha mjini kiko juu zaidi, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na katika kimo hicho hewa ni nyepesi, ndege huigusa ardhi ikiwa na mwendo mkubwa kuliko inavyoonekana kwenye kipima mwendo, nayo huhitaji nafasi ndefu zaidi ya kusimama. Kosa ambalo Arusha liliishia kwenye nyasi, Mbeya lingeishia katikati ya nyumba za watu.

Yapo na mengine ambayo mgeni hayajui na mwenyeji ameyazoea hata hayaoni tena. Njia ya Songwe imelala mashariki-magharibi, hivyo anayetua asubuhi akielekea mashariki jua liko machoni pake, na anayetua jioni akielekea magharibi ni vivyo hivyo. Ukungu wa asubuhi, ambao kila msafiri wa Mbeya anaufahamu kwa saa alizongoja uwanjani, hauondoki wote kwa pamoja. Hufunguka vipandevipande, na kipande kinachofunguka kwanza ndicho kinachoonekana, kiwe kina uwanja au hakina. Barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita si mbali na uwanja, na usiku malori yakifuatana taa zake hujipanga mstari. Kisha kuna moshi wa kuchoma mashamba kuanzia Agosti hadi mvua zinapokuja. Mufindi na Sao Hill zina njia za moto zenye upana na unyoofu wa kiwanja, na vipo viwanja vidogo vya nyasi vya mashamba ya chai ambavyo kutoka angani vinafanana na njia hizo kama watoto pacha. Iringa, uwanja wa Nduli umefanyiwa upanuzi, Songea umefanyiwa kazi, Sumbawanga umejengwa upya. Ni maendeleo tuliyoyaomba na tunayashukuru. Lakini mambo ya Ndola na ya Mexico yalizaliwa na ujenzi hasa, katika kipindi kile ambacho njia mbili zinaonekana na moja tu ndiyo inayofaa.

Ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa, ni kwamba katika kila uwanja wa Nyanda za Juu Kusini unaopokea ndege za abiria kwa ratiba, pasiwepo utuaji wa kutazama usio na shahidi wa pili. Ndege za siku hizi zina vyombo vya setilaiti, na njia ya kutua inayotegemea setilaiti, yaani maelekezo yaliyochorwa ambayo rubani huyafuata angani anapoteremka, haihitaji mitambo ya gharama kubwa ardhini. Inahitaji upimaji sahihi, uchoraji, ukaguzi na kuchapishwa. Mkutano Mkuu wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, uliofanyika mwaka 2010, ulizitaka nchi wanachama ziandae njia za namna hiyo. Pale ambapo njia hiyo haijachapishwa, ichapishwe kwa kila ncha ya njia ya kurukia. Pale ambapo imechapishwa, mashirika yashurutishwe kuiweka kwenye vyombo hata kama anga ni nyeupe, na rubani msaidizi awe na wajibu wa kutamka kwa sauti, katika kimo kilichowekwa, kwamba umbali na mstari wa katikati vinakubaliana na kile kinachoonekana dirishani. Visipokubaliana, ndege ipae tena bila mjadala. Na rubani aliyeghairi kutua kwa sababu hiyo asiulizwe habari ya mafuta aliyoyatumia. Naliandika hili kwa uzito, kwa sababu hakuna kanuni itakayofuatwa na mtu anayejua kwamba akiifuata ataandikiwa barua ya kujieleza.

La pili linahusu ardhi, yaani kazi niliyoifanya maisha yangu yote. Kila uwanja una ramani ya vikwazo: milima, minara, miti mirefu. Naomba iandaliwe na ramani ya mifanano. Achukuliwe rubani na mpima, warushwe kuuzunguka kila uwanja kwa kimo ambacho ndege hutumia zinapokaribia, asubuhi, jioni na usiku, wakati wa kiangazi na wakati wa masika, na waandike kila kitu kinachoweza kudhaniwa kuwa njia: kiwanja cha zamani, kiwanja cha shamba, barabara mpya ya lami iliyonyooka, njia ya moto, safu ya taa za mtaa. Kisha kila kimoja kiandikwe kwenye chati ya rubani kwa mwelekeo wake na umbali wake kutoka uwanja halisi, ili mgeni anayekuja mara ya kwanza aambiwe kwamba atakiona na kwamba sicho. Yule kijana wa mwaka 1994 angekuwa ameandikiwa mstari mmoja tu kwenye karatasi yake, kwamba kabla ya kiwanja ipo njia ya moto inayofanana nacho, tusingalifika pale tulipofika.

Kiwanja kilichofungwa nacho kiseme wazi kwamba kimefungwa. Kanuni za kimataifa zinataka njia iliyofungwa ichorwe alama ya msalaba mkubwa mweupe, na iliyofungwa moja kwa moja ifutwe alama zake za zamani. Naomba Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ihakiki kutoka angani, si kutoka kwenye mafaili, hali ya kila kiwanja kilichoachwa katika mikoa yetu, kikiwamo kile cha mjini Mbeya. Rangi inapauka na nyasi zinaota. Alama iliyochorwa miaka kumi iliyopita huenda leo inasomeka na ng'ombe tu wanaokatiza juu yake. Na kila mradi wa ujenzi wa njia mpya uwe na kifungu ndani ya mkataba kinachomlazimisha mkandarasi kuweka misalaba hiyo tangu siku lami inapomwagwa, pamoja na ile ya taa kwa ajili ya usiku, hadi siku ya kufunguliwa.

Matangazo kwa marubani, yale yanayoitwa notamu, yatengwe kwa uzito wake. Tangazo la kwamba njia imefungwa au taa zake hazifanyi kazi liwe la kwanza kabisa, peke yake. Waongoza ndege waliopo minarani nao wapewe ruhusa na mazoezi ya kumuuliza rubani swali la ziada pale anapouliza jambo lisilo la kawaida, maana rubani anayeuliza kama njia iko wazi huenda anachouliza hasa ni kama hapo anapopatazama ndipo.

Mwisho ni kuripoti. Mimi na yule rubani hatukuripoti kwa mtu yeyote. Yeye aliogopa kupoteza kazi, nami nilimwonea huruma, tukanyamaza, na kwa kunyamaza kwetu rubani aliyekuja baada yake hakuambiwa kitu. Nimeona aibu kwa hilo kwa miaka mingi, na ndiyo sababu mojawapo ya kuiandika barua hii. Naomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga ihakikishe kwamba rubani, mwongoza ndege, fundi au hata abiria anaweza kueleza tukio la ndege kujipanga vibaya bila kuadhibiwa kwa kueleza, na kwamba kinachoelezwa kinarudishwa kwa marubani wote, kwa lugha nyepesi, majina yakiwa yameondolewa, ndani ya wiki chache. Kinasa sauti cha ndege iliyopatwa na tukio hilo kizimwe na kuhifadhiwa siku hiyohiyo, kabla ndege haijaruka tena.

Ninazo nyumbani ramani za topografia za kipimo cha 1:50,000 za eneo lote kutoka Iringa hadi mpakani Tunduma, ambazo nimezichora kwa penseli nyekundu kila mstari mnyoofu nilioukuta kwa miaka yote ya kazi yangu, pamoja na mwelekeo wa kila mmoja kwa dira. Nyingine zimechakaa kwenye mikunjo, lakini zinasomeka. Mpima yeyote mtakayemtuma kwa kazi niliyoieleza anakaribishwa kuzinakili, na miguu yangu ingali na nguvu za kumfikisha kwenye ile njia ya moto ya Mufindi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mpima ardhi mstaafu,
Mbeya

Nakala: Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, Wakuu wa Mikoa ya Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe, Ruvuma na Rukwa.